Walimtafuta shetani, wakamkuta mfiwa

Msomaji, ikiwa hujautazama mchezo wa televisheni uitwao WandaVision na bado unayo nia ya kuutazama, liweke gazeti kando kwanza, kwani nitayafichua yote. Mimi mwenyewe si mtu wa sinema za mashujaa wanaoruka angani. Ujanani mwetu tulikuwa na stelingi wetu wa kupigana kwa mikono mitupu, na kila mtoto alijua tangu mwanzo kwamba yeye hafi. Mambo haya ya viumbe wa kuundwa na wanawake wa kurusha moto kwa vidole nililetewa nyumbani na mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha tatu mwanzoni mwa mwaka wa 2021.

Siku hizo kafyu ilianza saa nne za usiku. Basi kila Ijumaa dada yangu na wanawe walikuja kwangu, wakala na kulala kuko huko. Kijana alikuwa na sehemu mpya ya mchezo kila Ijumaa jioni. Aliipata vipi, sikumwuliza, nawe tafadhali usiniulize.

Kwa ufupi kisa chenyewe ni hiki. Wanda Maximoff ana uwezo wa kusogeza vitu bila kuvigusa na kuingia akilini mwa watu. Katika sinema ya mwaka wa 2015, ndugu yake pacha, Pietro, aliuawa. Katika sinema ya 2018 mpenzi wake Vision, kiumbe wa kuundwa mwenye moyo wa kibinadamu, aliuawa mara mbili siku moja: kwanza na Wanda mwenyewe, kwa kuombwa, ili ulimwengu uokoke, kisha adui akaurudisha wakati nyuma, Vision akafufuka, naye adui akamwua tena. Halafu tarehe 15 Januari 2021 mchezo huu ukaanza, na ajabu ya mambo, Vision yu hai! Amevaa suti na tai, anaishi na Wanda katika mji mdogo wa Westview, New Jersey. Picha ni nyeusi na nyeupe, na watu wasioonekana wanacheka nyuma kama katika vichekesho vya familia vya Marekani vya miaka ya 1950. Sehemu iliyofuata ilikuwa ya mtindo wa miaka ya 1960, kisha 1970 na rangi zake, na kuendelea hivyo.

Aliyeutunga mfululizo huo ni Jac Schaeffer, na mwongozaji alikuwa Matt Shakman. Sehemu zilikuwa 9. Siku ya kwanza zilitolewa mbili, na baada ya hapo moja tu kila Ijumaa. Hapo ndipo palipozuka kazi ninayotaka kuieleza, kwa maana juma zima la kungoja ni muda mrefu kwa mtu aliye na simu mkononi. Nani amemrudisha Vision? Nani ameuteka mji? Watazamaji duniani kote wakageuka makachero.

Nikiri kwamba walikuwa makachero hodari. Jirani ya Wanda, mwanamke mcheshi aitwaye Agnes aliyeigizwa na Kathryn Hahn, alivaa bruchi shingoni. Kwa bruchi hiyo na kwa jina lake walisema hata kabla mchezo haujaanza: huyu ni Agatha Harkness, mchawi wa vitabu vya katuni tangu mwaka wa 1970. Chukua herufi za mwanzo za Agatha na za mwisho za Harkness, utapata Agnes. Tarehe 19 Februari, katika sehemu ya saba, ikathibitika kuwa ndiye. Mpwa wangu alizunguka sebuleni akipiga kifua kana kwamba yeye ndiye aliyeuandika mchezo.

Lakini Agatha hakuwatosha. Walimtaka mkubwa wake, naye kwao alikuwa Mephisto, yule Ibilisi wa vitabu vya katuni aliyetokea mara ya kwanza mwaka wa 1968. Hawakulitoa jina hilo hewani. Katika vitabu vya mwaka wa 1989 watoto pacha wa Wanda waligunduliwa kuwa vipande vya roho ya Mephisto, na katika mchezo huu Wanda alijifungua pacha. Basi kila kitu kikawa ushahidi. Agnes akifanya mzaha kuhusu Ibilisi: Mephisto. Mume wa Agnes, Ralph, akitajwa kila mara na haonekani: Mephisto. Mdudu akitua kwenye pazia: Mephisto tu! Mtu aliyetoka chini ya barabara amevaa nguo za mfuga nyuki wakasema ni wa genge la wanasayansi waovu. Kumbe alikuwa mfanyakazi wa serikali aliyepenya kupitia mtaro, na mavazi yake ya kujikinga yakageuzwa na uchawi wa mji ule.

Mwigizaji wa Vision, Paul Bettany, akachochea moto. Alisema kuna mwigizaji mmoja atakayetokea ambaye kwa muda mrefu alitamani kufanya kazi naye. Watu wakataja wazee wote wakubwa wa sinema. Mwisho ikaonekana alijisema yeye mwenyewe, kwa kuwa kulikuwa na Vision wa pili, mweupe, na ni yeye aliyewaigiza wote wawili.

Yaliyonigusa mimi zaidi ni matangazo ya biashara ya uongo yaliyowekwa katikati ya mchezo. Moja lilikuwa la taulo za karatasi ziitwazo Lagos, zikifuta kimiminiko chekundu kilichomwagika mezani. Aliyeiona sinema ya mwaka wa 2016 anakumbuka kwamba ni jijini Lagos ambako Wanda, akijaribu kuuepusha mlipuko, aliuelekeza kwenye jengo na kuwaua watu waliokuwemo. Vijana walilipokea kama fumbo zuri lililofumbuka. Mimi nilikaa nikitazama jiji la Waafrika limekuwa chapa ya karatasi ya kupangusia. Huenda ndivyo dhamiri inavyofanya kazi, lakini halikunifurahisha. Baadaye Kevin Feige, mkuu wa Marvel Studios, alieleza kwamba kwanza walikusudia matangazo hayo yawe ujumbe wa mganga Doctor Strange kwa Wanda, kisha wakaghairi, isije ikawa mwanamume anakuja kumwonyesha njia katika kisa chake mwenyewe.

Sasa nirudi sebuleni. Baba yake kijana, shemeji yangu, alifariki Agosti 2020. Moyo ulimsimama akiwa kazini; hakuugua hata siku moja. Wajuao matanga yetu wanajua yaliyofuata. Kabla hajazikwa watu walikwisha kumpata mwenye mkono: jirani fulani waliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Dada yangu alikataa kulisikia jina hilo nyumbani mwake, lakini kijana alikuwa amelisikia, nalo likamkaa.

Kwa hiyo aliponiambia, "Mjomba, huyu mama hawezi kuwa amefanya haya peke yake, lazima yupo mtu nyuma yake," nilijua hatuzungumzi juu ya televisheni peke yake. Sikuwa na jibu.

Tarehe 26 Februari ilikuja sehemu ya nane. Agatha anampitisha Wanda katika kumbukumbu zake, mlango baada ya mlango: wazazi kuuawa kwa bomu, ndugu kufa, mpenzi kufa. Hata Agatha hakuuteka mji ule. Alikuja kuuliza ulivyotekwa. Halafu tunamwona Wanda akiendesha gari hadi Westview na karatasi ya kiwanja ambacho Vision alikuwa amewanunulia ili wazeeke pamoja. Pana msingi mtupu wa nyumba. Anasimama katikati, anaanguka magotini, na uchungu unamtoka kama mafuriko, unajenga nyumba, mji na mume.

Hakuna aliyesema neno sebuleni. Dada yangu, ambaye muda wote alikuwa akifuma na kujifanya hatazami, akasema, "Hamna shetani hapo. Amefiwa." Kijana akatoka nje, akakaa huko mpaka nikamfuata kumwita alale.

Sehemu ya mwisho, tarehe 5 Machi, iliwaudhi wengi. Katika sehemu ya tano Pietro alikuwa amebisha hodi akiwa na sura ya Evan Peters, aliyemwigiza katika sinema za kampuni nyingine ambayo Disney iliinunua mwaka wa 2019, na mashabiki wakaapa kwamba ulimwengu mbili zimeungana. Ikatokea kwamba ni mkazi wa mji tu, Ralph Bohner, aliyerogwa na Agatha, na jina lake lenyewe ni mzaha wa kihuni kwa Kiingereza. Mhandisi wa anga waliyetarajia awe shujaa mashuhuri alikuwa meja wa jeshi asiyejulikana na mtu. Mephisto hakuonekana.

Siwalaumu mashabiki. Waliotengeneza mchezo ndio waliopanda mbegu hizo, wakavuna kelele zake majuma manane. Nikiwa na la kulaumu, ni kwamba Wanda aliachwa aende zake kwa wepisi mno. Wakazi wa Westview waliteseka kwelikweli, wakiota ndoto zake za kutisha kila usiku, naye akaambiwa kwamba hawatajua kamwe alichokitoa kwa ajili yao. Kufiwa hakumpi mtu ruhusa ya kuwafunga majirani, na nilitarajia mmoja wao apewe nafasi ya kulisema hilo hadi mwisho.

Mwaka wa 2025 kijana, sasa yuko chuo kikuu, alinipigia simu usiku. Mephisto alikuwa ametokea hatimaye, katika mchezo mwingine uitwao Ironheart, akiigizwa na Sacha Baron Cohen. "Si nilikwambia, mjomba!" akasema, akacheka sana. Nilimwuliza kama amemwambia mama yake. Akasema amemwambia, naye amemwuliza kama amekula.