TAA ZA MBELE KUFIFIA NA BETRI KUKOSA CHAJI KATIKA MAGARI YA ZAMANI

Wenye magari ya zamani, hasa Land Rover za Series II na IIA pamoja na Morris Minor, wanakumbushwa kuwa taa za mbele zinazofifia si uthibitisho wa kuharibika dainamo. Hutokea dainamo nzima ikang'olewa, ikanunuliwa nyingine kwa gharama kubwa, na taa zikabaki vile vile. Wakati huo gari huendelea kupita usiku baina ya waendao kwa miguu na wapanda baiskeli, na dereva haoni mbali.

Kabla ya jambo lolote itazamwe namna betri ilivyoungwa. Land Rover zilizoundwa kabla ya 1967, na Morris Minor zenye dainamo, kwa kawaida ncha ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya sasa. Fundi aliyezoea magari mapya akiigeuza betri bila ya kuuliza, huongeza ubovu juu ya ubovu.

Kisha ipimwe betri kwa mita. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6. Injini ikiwashwa na kukanyagwa mafuta kiasi, kipimo kinapaswa kupanda hadi baina ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, chaji haifiki. Kikizidi 15, kosa liko katika kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita katauti. Hapo maji ya betri huchemka na balbu huungua mara kwa mara.

Ifahamike kuwa dainamo ni dhaifu pale injini inapozunguka polepole. Dainamo ya Lucas C40 hutoa ampea 22 tu ikiwa katika mwendo mzuri, na taa mbili za wati 60 peke yake huchukua ampea 10. Kwa hiyo taa kufifia kidogo gari linaposimama si ubovu. Lakini taa nyekundu ya chaji ikibaki inawaka hata baada ya kukanyaga mafuta, uangaliwe kwanza mkanda wa feni, ambao ukibonyezwa kwa kidole hauzami zaidi ya nusu inchi hivi, kisha makaboni ya dainamo.

Chaji ikiwa sawa na taa bado hafifu, kosa limo njiani. Taa moja ikififia na ya pili ikang'aa, dainamo isishukiwe kabisa, kwa kuwa zote mbili hulishwa kutoka mahali pamoja. Taa zikiwa zimewashwa, ncha moja ya mita iwekwe kwenye kichwa cha betri kilichofungwa kwenye bodi, na ya pili kwenye waya wa taa unaorudi bodini. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, pana kutu. Visiwani hewa ya chumvi hula maungio hayo upesi. Yasuguliwe kwa msasa, yakazwe na kupakwa grisi. Swichi ya taa nayo ishikwe: ikiwa ya moto, umeme unapotea hapo.

Ile desturi ya kung'oa waya wa betri injini ikiwa inawaka, ati kujaribu chaji, iachwe. Katika gari lililobadilishiwa altaneta, jaribio hilo huweza kuunguza diodi papo hapo.