Sola hutaka nuru ya jua, si joto lake

JUA la Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, ni neema na pia adhabu. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Jua hilohilo huwasha taa za sola katika nyumba za wavuvi. Tofauti ya mambo haya mawili inaeleweka mtu akilitazama jiko la makaa.

Makaa yakianza kupata moto hutoa joto lisiloonekana kwa macho. Yakikolea huwa mekundu, na yakipulizwa huelekea rangi ya machungwa. Uso wa jua, wenye nyuzijoto zipatazo 5,500, hutoa nuru nyeupe. Wanafizikia huuita mwako huu mnururisho wa gimba jeusi, yaani kitu kinachonyonya nuru yote; rangi ya mwako wake hutegemea joto lake pekee.

Hesabu za kale zilidai kwamba kitu cha moto kingetoa nishati isiyo na kikomo kupita rangi ya urujuani. Haikuwa hivyo. Mwaka 1900 Max Planck wa Ujerumani alitegua kitendawili hicho kwa kudhani kuwa nishati hutolewa kwa vifurushi visivyogawanyika, na kwamba kifurushi cha urujuani ni kikubwa kuliko cha nyekundu. Jiko halina joto la kutosha kutoa vifurushi vikubwa hivyo kwa wingi.

Mwaka 1905 Albert Einstein alikwenda mbele zaidi: nuru yenyewe husafiri kwa vifurushi. Ndiyo sababu mwanga hafifu wa urujuani huweza kuchomoa elektroni katika metali ambayo mwanga mwekundu, hata ukiwa mkali, hauitikisi. Kila elektroni hupokea kifurushi kimoja. Hapa haba na haba haijazi kibaba. Ufafanuzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921.

Paneli ya sola hufuata kanuni iyo hiyo, ila elektroni hufunguliwa ndani ya silikoni bila kutoka nje. Vifurushi vidogo vya joto haviwezi kuzifungua. Isitoshe, paneli ikipita nyuzijoto 25, kila nyuzi inayoongezeka hupunguza umeme kwa takriban asilimia 0.4.

Kwa hivyo, anayefunga paneli juu ya mabati heri aache nafasi upepo upite chini yake. Umeme huletwa na nuru. Joto ni hasara kwa paneli, kama lilivyo kwa matumbawe.