Njia Fupi ya Harufu Kuelekea Kumbukumbu

Mvua ya kwanza ikinyesha mtaani Mountain View, Nairobi, baada ya kiangazi, udongo mwekundu hutoa harufu inayoweza kumrudisha mtu mzima shambani kwa nyanyake. Chanzo kikuu ni jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Pua zetu huinasa hata ikiwa kidogo mno.

Kwa nini harufu iwe na nguvu hivyo? Tunayoyaona na kuyasikia hupitia kwanza thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo. Harufu haisubiri huko. Neva za puani huipeleka kwenye balbu ya kunusia, na hapo inakaribiana sana na amigdala, inayoshughulikia hisia, na hipokampasi, inayojenga kumbukumbu. Ndiyo maana moyo hushtuka kabla hujakumbuka harufu yenyewe ni ya nini. Linda Buck na Richard Axel, waliogundua jeni za vipokezi vya harufu mwaka 1991, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi hivyo.

Tafiti zinaonyesha kuwa harufu huamsha hasa kumbukumbu za miaka 10 ya kwanza ya maisha, ilhali maneno na picha huamsha zaidi za ujanani. Tahadhari moja: kumbukumbu ya harufu husisimua zaidi, lakini si lazima iwe sahihi zaidi.

Kinachonisikitisha ni jinsi tunavyopuuza pua inapoacha kunusa. UVIKO-19 uliwanyang'anya wengi uwezo huo. Mafua na uzee huupunguza pia, na wakati mwingine upungufu huo hutangulia ugonjwa wa Parkinson au Alzheimer kwa miaka kadhaa. Usiingiwe na hofu, ila upungufu huo ukidumu, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Pua hufundishika. Mwaka 2009, Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliwapa wagonjwa harufu 4 za kunusa asubuhi na jioni kwa wiki 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Wengi zaidi walipata nafuu kuliko wasiofanya zoezi hilo. Limau hukosi sokoni Kangemi, karafuu zimo katika pilau yetu, na mikaratusi ipo Kenya tangu 1902, ilipopandwa iwe kuni za garimoshi. Nusa kila kimoja taratibu, sekunde 10 hivi, ukijitahidi kukumbuka kilivyokuwa kikinukia. Ukitumia mafuta ya vitu hivi, usiyatie puani, mvuke unatosha.