Mzee akivunjika nyonga: kwa nini familia isisubiri

Msimu wa mvua, njia za udongo kwenye miteremko ya Kagarama huteleza. Mzee anaanguka mlangoni na kushindwa kusimama. Mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje. Baadhi ya familia humlaza nyumbani, humkanda kwa maji ya moto na kusubiri. Akifariki baada ya wiki kadhaa, watu husema ni uzee tu. Mara nyingi chanzo ni nyonga iliyovunjika.

Ni ugonjwa gani?

Osteoporosisi ni ugonjwa wa muda mrefu unaodhoofisha mifupa hadi kuvunjika hata kwa kuanguka kidogo. Hauna maumivu mpaka mfupa uvunjike. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, wazee, watu wembamba sana, wavutaji sigara na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Takwimu zinaonyesha nini?

Katika nchi zinazofuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, kati ya wazee 100 waliovunjika nyonga, takriban 20 hadi 30 hufariki ndani ya mwaka mmoja. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi: uwezekano wa kufariki ni mara 5 hadi 8 ukilinganisha na wenzao wa umri huo. Hatari hupungua baadaye, lakini hata baada ya miaka 10 haijaisha. Wanaume huvunjika nyonga mara chache kuliko wanawake, ila wakivunjika hufariki zaidi.

Kinachoua hasa ni kulala muda mrefu bila kujongea: nimonia, damu kuganda na vidonda vya mgongoni.

Vifo vinaweza kupungua

Nchini Uingereza, vifo ndani ya siku 30 vilishuka kutoka karibu 11 kati ya wagonjwa 100 mwaka 2007 hadi chini ya 9 mwaka 2011. Hospitali zilianza kuwafanyia upasuaji mapema, ndani ya siku moja au mbili, na kuwasimamisha wagonjwa haraka.

Ufanye nini?

• Usimkande wala kuvuta mguu. Piga 912 kuomba ambulensi.
• Wakimbizi wanaoishi mjini Kigali walianza kuingizwa kwenye mituweli mwaka 2019. Hakikisha bima ya mzee wako inafanya kazi kabla hajaugua.
• Kama si dharura, anzia kituo cha afya upate karatasi ya rufaa kwenda hospitali.
• Akirudi nyumbani, msaidieni kukaa na kutembea kila siku kama alivyoelekezwa.

Kuzuia ni rahisi zaidi: taa usiku, viatu visivyoteleza, kijiti cha kushika njiani, kutembea kila siku, na chakula chenye maziwa, dagaa na mboga za majani. Mzee aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo apelekwe kupimwa, kwa sababu mfupa wa pili huwa karibu kuvunjika.