Boti Kuukuu la Faiba: Ligonge Kwanza, Lipake Rangi Mwisho

Wakulima wa skimu za pwani, tangu Kwale mpaka Lamu, si wote wanaoishi kwa jembe peke yake. Mwenye mikorosho huko Magarini aweza kuwa na shemeji yake mvuvi Ngomeni, na korosho zikiisha kuuzwa shauri la kwanza ni kununua chombo. Mbao nzuri za kuundia mashua zimekuwa ghali, basi watu hutazama maboti ya faiba ya zamani yaliyolala ufuoni miaka mingi, ambayo huuzwa kwa bei ndogo. Boti la namna hiyo laweza kufufuliwa nyumbani, chini ya mwembe, na mtu mwenye subira. Tena laweza kumeza pesa zote za mavuno na mwishowe kuvunjika tezi likiwa mbali na nchi kavu.

Utasikia watu wakisema kwamba faiba haiozi. Maneno hayo ni kweli nusu. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwa rezini, nayo rezini ikishaganda huwa ngumu kama mfupa. Haioti ukungu, wala wadudu wa baharini watoboao mbao hawaigusi. Lakini ndani ya boti la faiba mna mbao zilizofichwa: ubao wa tezi unaobeba mashine, mataruma, na mara nyingi sakafu. Maji huingia kwa tundu za misumari ya hesi na nyufa ndogo, na yakishaingia hayana njia ya kutokea. Mbao huoza gizani huku nje boti linang'aa. Muuzaji akilipaka rangi mpya kabla hujafika, mwulize kwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, twaa nyundo ndogo ugonge boti lote polepole, hasa tezi. Pazima hutoa sauti kali na fupi. Palipooza au palipoachana tabaka hutoa sauti nzito, kama kugonga boga. Kisha mwenye mashine aishike kwa chini na kuinua na kushusha: ukiona tezi inacheza, hata kidogo, ubao wake umekwisha. Mkikubaliana na mwenyewe, toboa kwa keekee tundu dogo upande wa ndani, karibu na chini ya tezi, uangalie unga unaotoka. Unga mkavu, mweupe au wa rangi ya mbao, ni habari njema. Ukitoka mweusi na umelowa, tezi yataka kubadilishwa. Tezi mbovu hutengenezeka. Lakini tezi, sakafu na mataruma yote yakiwa mabovu pamoja, mwachie mwenyewe boti lake. Angalia pia kama chini ya sakafu mna povu gumu la kuelea. Povu lililokunywa maji lina uzito mkubwa, na ni lazima litolewe.

Kazi yenyewe yafuatana vizuri na kalenda ya shamba. Mwezi wa Aprili na Mei mvua ni nyingi, nawe una mahindi ya kupanda na kupalilia. Boti na likae bandani, limeinamishwa, kizibo kimetolewa, limeoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mvua ikipungua, fungua sakafu upepo upite. Kusi ingali inavuma na bahari ni chafu, hukosi kitu kwa kungoja. Kujua kama limekauka, bandika kipande cha nailoni iangazayo juu ya faiba, uzibe kingo zake zote kwa utepe, ukiache juani. Ukikuta matone ndani ya nailoni, ngoja tena. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: rezini haishiki juu ya unyevu, na kiraka kilichotiwa juu ya maji hubanduka kama gome.

Kama kuna malengelenge chini ya boti, yapasue. Maji yatokayo hunuka kama siki. Safisha kila shimo, osha, kausha, ndipo ujaze kwa epoksi iliyokorogwa nzito.

Kwa tezi iliyooza, kata ngozi ya ndani ukiacha ukingo wa vidole vitatu pande zote, utoe ubao mbovu wote kwa patasi mpaka ufikie faiba safi. Kata ubao mpya wa plaiwudi ya baharini, si ile ya kuwekea dari, uugandishe kwa rezini nzito bila kuacha nafasi ya hewa. Juu yake rudisha ngozi kwa mikeka ya nyuzi za kioo. Mkeka wa gramu 450 ukishaganda hutoa unene wa karibu milimita 1, na mita moja ya mraba hunywa karibu kilo moja ya rezini. Pima ngozi ya zamani, ujue ni tabaka ngapi. Tena usigotanishe kiraka na ukingo ulio wima. Chonga ukingo uwe mteremko wenye upana mara 12 ya unene: faiba ya milimita 5 yataka mteremko wa milimita 60. Mwenye uwezo na atumie epoksi, kwa maana hushika faiba kuukuu kuliko rezini ya kawaida, ingawa bei yake ni kubwa.

Rezini ya kawaida hugandishwa kwa dawa yake. Kwa jua letu, gramu 10 hadi 15 katika kilo moja zatosha. Ukizidisha itachemka mkoponi na kutoa moshi. Koroga kidogo kidogo, asubuhi mapema. Sirinji mpya ya kuchomea ng'ombe hupima vizuri, lakini isirudi tena kwa ng'ombe.

Dawa hiyo ya kugandisha ni adui wa macho. Tone likiingia, osha jicho kwa maji mengi dakika 15 kisha uende hospitali bila kukawia. Usiitie kwenye chupa ya soda. Na kama umeuziwa dawa ya pili, ile ya kuharakisha, ambayo mara nyingi ina rangi ya zambarau, usichanganye dawa hizo mbili zenyewe kwa zenyewe, kwa maana hulipuka. Rezini nyingi huuzwa zikiwa zimekwisha kutiwa ya pili. Muulize mwenye duka. Vumbi la kusugua faiba ni vioo vidogo mno: vaa miwani, mikono mirefu na barakoa ya vumbi iliyo imara, ufanye kazi mbali na jiko, watoto na ghala ya mahindi. Kwa harufu ya rezini barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Fanyia kazi penye upepo, na pasiwe na sigara.

Rangi huja mwisho kabisa. Kila tundu la hesi litiwe gundi ya baharini kabla hesi haijaingia, maana boti lilioza kwa tundu kama hizo.

Kabla ya kuvua, mwone afisa wa uvuvi na viongozi wa BMU wa ufuo wako kuhusu usajili na leseni, na Kenya Maritime Authority kuhusu ukaguzi wa usalama. Kila mtu chomboni awe na jaketi la kuokolea.

Siku ya kwanza usiende mbali. Lielee penye maji ya kiuno, limepakiwa magunia ya mchanga yenye uzito wa watu na samaki, likae saa nzima. Inua mbao za sakafu utazame ngama. Ikiwa kavu, washa mashine polepole, na mtu mmoja aweke kiganja juu ya tezi asikilize kama inatetemeka.