Riwaya Mbili za Makauboi na Swali la Mwanafunzi Mmoja

Kuna vitabu ambavyo mtu huvisoma ujanani akishangilia, kisha akavirudia utu uzimani akajikuta anasita. Kwangu mimi, The Virginian, riwaya ya Mmarekani Owen Wister iliyochapishwa mwaka wa 1902, ni kitabu cha aina hiyo. Nilikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, katika nakala kuukuu isiyokuwa na jalada, na nikampenda mno mhusika wake mkuu. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, niliwasimulia wanafunzi wangu sehemu ambayo wezi wa mifugo wananyongwa kwa kamba. Darasa zima likapiga makofi. Mvulana mmoja tu, aliyekuwa ameketi nyuma, ndiye aliyeinua mkono akauliza: "Mwalimu, hao walishtakiwa wapi?"

Nilimjibu kwamba huko hakukuwa na mahakama ya kutegemewa, tukaendelea na somo. Jibu hilo halikuniridhisha mimi mwenyewe, na sidhani kwamba lilimridhisha yeye. Leo nataka kulitafuta jibu bora zaidi, kwa kuilinganisha riwaya ya Wister na kisa kingine cha mapenzi ya kauboi kilichotoka miaka 90 baadaye. Nacho ni All the Pretty Horses, riwaya ya Cormac McCarthy iliyochapishwa mwaka wa 1992 na kutunukiwa Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka uo huo.

Wister hakuwa mchunga ng'ombe. Alizaliwa mwaka wa 1860 mjini Philadelphia, katika jamii ya watu wenye uwezo, akasomea Chuo Kikuu cha Harvard. Alikwenda Wyoming mwaka wa 1885 kutafuta afya, akavutiwa na nyika, farasi na wanaume wa huko, akawa akirudi mara kwa mara. Riwaya yake aliitabaruku kwa rafiki yake Theodore Roosevelt, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Marekani. Wahakiki wengi hukubali kwamba hiki ndicho kitabu kilichoweka misingi ya hadithi za kauboi kama tuzijuavyo hata katika sinema: shujaa mkimya, adui mwenye kijicho, binti msomi kutoka mashariki, na bastola mbili zinazokabiliana jua likitua.

Shujaa wa Wister hatajwi jina lake. Anajulikana tu kwa jimbo alikotoka, Virginia. Anafanya kazi katika ranchi ya bwana mmoja mwenye mali na heshima, Jaji Henry. Anampenda Molly Wood, msichana wa Vermont aliyesafiri mwendo mrefu kuja kufundisha katika shule ndogo ya Bear Creek. Hapo sisi walimu hatuna budi kutega masikio. Molly anamwazima kauboi huyu vitabu, naye anavisoma na kumbishia. Shakespeare anampendeza, Jane Austen anamchosha. Mapenzi yao yanakua taratibu kwa njia ya masomo. Hatimaye kauboi anapojeruhiwa vibaya nyikani, ni mwalimu huyo anayemkuta, akamfikisha nyumbani na kumwuguza. Kwa hakika ni mapenzi yaliyosimuliwa kwa ustadi na ucheshi mwingi.

Lakini katikati ya mapenzi hayo pamelazwa maiti. Miongoni mwa wezi wa mifugo wanaokamatwa yumo Steve, rafiki wa zamani wa shujaa wetu. Hakuna hakimu wala wakili, na hakuna shahidi anayehojiwa. Steve na mwenzake wananyongwa alfajiri, na shujaa wetu yumo katika kundi la wanyongaji. Steve hamsemeshi hata mwisho wake, ila anamwachia kijibarua cha kumuaga. Baadaye kauboi huyo, ambaye hatujapata kumwona akitikisika, analia.

Molly anapozipata habari hizo anafadhaika, na Jaji Henry anachukua jukumu la kumtuliza. Hoja yake ni kwamba raia ndio walioikabidhi mahakama mamlaka. Ikiwa mabaraza ya mahakama hayawahukumu wezi, basi raia wanayatwaa tena mamlaka yao. Anajitahidi hata kuitenga kamba ya Wyoming na mauaji ya watu Weusi waliokuwa wakichomwa hadharani katika majimbo ya kusini. Kule, asema, ni ushenzi. Hapa ni dalili ya watu wanaotaka kustaarabika. Nilipokuwa kijana nilizipita kurasa hizo mbio ili nifike kwenye bastola. Leo naziona kuwa ndizo roho ya kitabu, kwa kuwa ni hapo ambapo msomaji anaombwa atie sahihi.

Tusisahau kwamba kamba ile haikuwa ya kubuni. Mwaka wa 1889, huko Wyoming, mwanamke aitwaye Ella Watson na mwenzake Jim Averell walinyongwa na wenye mifugo, na hakuna aliyefungwa kwa kosa hilo. Mwezi wa Aprili 1892, wenye ranchi kubwa walikodi watu wa bunduki kutoka Texas wakavamia Wilaya ya Johnson kuwasaka waliowaita wezi. Wakawaua Nate Champion na Nick Ray, kisha wao wenyewe wakazingirwa na wenyeji wenye hasira, hadi jeshi la serikali likaja kuwaokoa. Mwishowe hakuna aliyehukumiwa. Waliouawa kwa jina la wizi walikuwa watu wadogo walioishi jirani na matajiri waliotaka nyika yote. Jaji Henry, ambaye Wister anamfanya kuwa sauti ya busara, ni mmoja wa wenye ranchi. Neno "mwizi" limetamkwa na nani, na linamfaidi nani? Riwaya haiulizi.

Kilele chake ni pambano na Trampas, yule adui. Ni usiku wa kuamkia harusi. Molly anamwambia mchumba wake waziwazi kwamba akienda kuua, hakuna ndoa. Askofu naye anashindwa kumzuia. Shujaa anakwenda, anaua, anarudi, na mwalimu anamkumbatia kwa furaha ya kumwona hai. Wanafunga ndoa, wanakwenda fungate milimani, na mwishoni bwana harusi anatajirika kwa makaa ya mawe yaliyomo shambani mwake. Hivyo basi pingamizi la mwalimu linamezwa na busu. Wister alitaka tuamini kwamba mapenzi ya kweli ni yale yanayonyamaza mbele ya bastola.

Sasa tumgeukie McCarthy. Hadithi yake inaanza mwaka wa 1949 katika jimbo la Texas. Babu yake John Grady Cole amefariki, na mama mtu hataki tena ranchi, ataiuza. Kijana huyo wa miaka 16 anapanda farasi pamoja na rafikiye Lacey Rawlins, wakavuka mpaka hadi Mexico kuutafuta ule ulimwengu wa wachunga ng'ombe ambao kwao umekwisha. Njiani wanaungana na mtoto mmoja mdogo kuliko wao, Jimmy Blevins, aliyepanda farasi mzuri mno na ambaye hawajui alimpata wapi. Katika hasienda kubwa ya Don Héctor Rocha, John Grady anasifika kwa kufuga farasi wakali, na anapendana na Alejandra, binti wa mwenye mali.

Viungo ni vilevile vya Wister, lakini chakula ni kingine. Linganisheni, kwa mfano, wazee wa kike walio nyuma ya wapenzi. Katika riwaya ya kwanza Molly ana dada wa bibi yake, mama mkongwe anayemwelewa kauboi kuliko ukoo wote na kumpa baraka zake. Katika ile ya pili Alejandra naye ana mzee wa namna hiyo, Doña Alfonsa. Huyu alisoma Ulaya, na ujanani alimpenda Gustavo Madero, ndugu wa Rais Francisco Madero, na wote wawili waliuawa katika mapinduzi ya mwaka wa 1913. Alfonsa hana chuki na kijana wa Texas. Ila anajua kwamba katika jamii yake mwanamume akianguka huinuka, lakini mwanamke akipoteza jina lake hana cha kurudishiwa. John Grady anapotiwa gerezani, ndiye anayemkomboa kwa fedha, kwa sharti kwamba Alejandra asimwone tena. Wapenzi wanakutana mara ya mwisho mjini Zacatecas, na ni Alejandra anayeamua kuondoka. Hapana bastola inayoweza kuubadilisha uamuzi wake.

Hata hivyo, jambo lililonifanya nikifunge kitabu kwa muda ni kifo cha Blevins. Mtoto huyo anatuhumiwa kwa wizi wa farasi na kwa kuua. Kapteni wa polisi hampeleki mahakamani. Anamwondoa garini, anaingia naye kwenye miti, na wenzake wanasikia milio ya risasi. John Grady na Rawlins wamesimama pale, nao hawakusema neno. Msomaji atambue kwamba hiki ni kifo cha Steve kilichosimuliwa upya. Tofauti ni kwamba Wister alitusimamisha karibu na wanyongaji wenye huzuni, ilhali McCarthy anatusimamisha karibu na mtoto anayeongozwa mitini.

Riwaya hii pia ina jaji wake. John Grady anaporudi Texas na farasi wa marehemu, watu wengine wanadai kwamba farasi ni wao. Jaji anamsikiliza kijana mwanzo hadi mwisho, kisha anamrudishia farasi. Usiku huo John Grady anakwenda nyumbani kwa jaji huyo. Haki amekwisha kuipata, lakini dhamiri inamtesa. Anamweleza kwamba gerezani alimuua kijana mwenziwe aliyetaka kumuua kwa kisu. Anaungama pia kwamba alitaka kumuua yule kapteni, na kwamba kilichomchoma ni kule kunyamaza kwake Blevins alipokuwa akichukuliwa. Jaji hamlaumu, wala hamfutii kwa maneno matamu. Anamsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyomhukumu kijana mmoja kifo mwaka wa 1932. Angefanya vivyo hivyo tena, lakini bado anamfikiria.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya riwaya hizi mbili. Jaji wa Wister anamfundisha mwalimu jinsi ya kulala usingizi baada ya mtu kuuawa bila kesi. Jaji wa McCarthy hamfundishi kijana kulala. Anakesha pamoja naye.

Sisemi kwamba The Virginian itupwe. Machozi ya shujaa kwa ajili ya Steve yanaonyesha kuwa Wister msanii alijua jambo ambalo Wister rafiki wa matajiri alikataa kulikiri. Wala sisemi kwamba McCarthy hana ila. Alejandra hatumsikii vya kutosha. Anazungumziwa kuliko anavyozungumza. Mazungumzo marefu ya Kihispania yasiyofasiriwa, na usemi usiotiwa alama za kunukuu, huweza kumkatisha tamaa mwanafunzi. Ninachopendekeza kwa walimu wenzangu ni kwamba riwaya hizi zisomwe bega kwa bega, ya zamani kwanza. Kisha wanafunzi waulizwe ni katika ukurasa gani walipiga makofi, na kwa nini.

Swali hilo si la Wyoming pekee. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, lakini hawakusema kwamba siku hiyo ikifika kila mpita njia ni jaji. Hapa kwetu Kenya wapo watu waliopigwa mawe na kuchomwa kwa tairi sokoni kwa sababu mtu mmoja alipaaza sauti akasema "mwizi!" Wanaofanya hivyo huwa na hoja ileile ya Jaji Henry: polisi huwaachilia, mahakama hazifanyi kazi, basi tumejichukulia mamlaka yetu. Kifungu cha 50 cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010 kinampa kila mshtakiwa haki ya kusikizwa na ya kuhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine. Haki hiyo haina maana kwa mtu ambaye hakufikishwa mahakamani.

Yule mvulana wangu sasa ni mtu mzima, na sijui yuko wapi. Lau ningempata, ningemwambia hivi: hawakushtakiwa popote, mwanangu, na mwandishi alitumia mapenzi, ucheshi na mandhari ya kupendeza ili tusiulize. Wewe uliuliza. Siku ile wenzako walipokuwa wakipiga makofi, mimi mwalimu wako nilipaswa kulisimamisha somo.