Kenya Met Wakisema "Milimita 20", Msee wa Ronga Anaskia Nini?

Mtu wa Rongai hahitaji kufunzwa hesabu. Anajua fare ya 125 kukiwa kumekauka, na anajua itaruka hadi ngapi konda akiona mawingu. Anajua bei ya mtungi wa lita 20 kwa kioski ya maji, na anajua venye hiyo bei hubadilika stima ikipotea na pampu ya kisima ikinyamaza. Sasa mwambie huyo huyo msee, "tunatarajia mvua inayozidi milimita 20 ndani ya saa 24." Ataangalia simu sekunde mbili, halafu arudi TikTok.

Usiseme hajali. Hiyo namba tu haijamfikia. Stori ya mabadiliko ya tabianchi hapa Kenya iko na wataalamu wazuri na watu wenye masikio mazuri, lakini inapotelea mahali fulani kati ya ofisi za Kenya Met pale Dagoretti Corner na stage ya Rongai. Na ikipotea, kuna mtu analala kwa keja iko kando ya mto usiku wenye hakufaa kulala hapo.

Wacha tuifungue hiyo milimita 20. Milimita moja ya mvua ikianguka kwa mita moja mraba, hiyo ni lita moja ya maji. Kwa hivyo milimita 20 ni lita 20. Ni mtungi mmoja, ule ule unanunua, umemwagwa kwa kila mita mraba. Chukua ploti ya hamsini kwa mia, zile zinatangazwanga kwa kila ukuta kutoka Kitengela hadi Isinya. Hiyo ni karibu mita mraba 465. Mvua ya milimita 20 hapo ni mitungi 465, karibu lita 9,300. Yaani lori la maji la lita 10,000, karibu lijae, limekuja likamwaga kila kitu kwa ploti yako. Na jirani naye amemwagiwa lake. Na jirani wa jirani. Mtaa mzima, malori yamepiga foleni usiku kucha, na hakuna mwenye aliitisha.

Hiyo maji yote itaenda wapi? Ronga tumejenga flati hadi kwa barabara na zile nafasi zimebaki tukamwaga simiti na kabro. Kitengela nao wako juu ya ule udongo mweusi wenye hupasuka kukikauka na kufura ukilowa, na ukishafura haumezi maji haraka. Kwa hivyo maji inateremka. Inaingia Mto Mbagathi, inafuata mpaka wa kusini wa Nairobi National Park, inaingia Mto Athi, na huko chini ndiko Kitengela na Athi River ziko. Kwa maneno mengine, mvua yenye inakufanya uchelewe kazi Ronga ni maji yenye iko njiani kwenda kwa mlango wa msee wa Kitengela, hata kama kwake jua linawaka.

Hiyo sentensi moja ingefaa kuwa kwa kila grupu ya WhatsApp ya ploti za Kitengela mwaka wa 2024. Utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei ulikuwa umesema mvua itazidi kawaida sehemu nyingi za nchi. Kufika mwisho wa Aprili na kuingia Mei, Mto Athi ulivunja kingo, na watu wa Red Cross wakawa wanatoa wakaaji wa Kitengela kwa maboti. Nchi nzima, mafuriko ya huo msimu yaliua zaidi ya watu 200. Taarifa ilikuwepo, lakini wengi wenye iliwahusu hawakuipata kwa lugha ya "toka hapo, maji inafika kesho."

Na milimita 20 sio mbaya tu. Paa la mabati la mita mraba 100, mvua kama hiyo inaleta lita 2,000. Kwa mtaa wenye maji ni ya kununua, hiyo ni ganji imeanguka kutoka mbinguni, kama lando angeweka tu gata na tanki. Namba ni ile ile, unaeza iongea kama hatari ama kama akiba. Kenya Met wakitangaza namba peke yake, hakuna kati ya hizo mbili inafika.

Ile sarakasi ya El Niño

Kama unataka kuona venye stori ya hali ya hewa inaharibikanga mdomoni, rudi 2023. Mwisho wa Agosti mwaka huo Kenya Met walitoa utabiri wa Oktoba hadi Desemba: mvua itazidi kawaida, na El Niño ni moja ya sababu. Kaunti zikaanza kujipanga. Halafu mapema Oktoba Rais William Ruto akatangaza kuwa wataalamu sasa wamesema ile El Niño ya kuharibu haitakuja, ni mvua ya kuzidi kidogo tu. Watu wakapumua. Wenye walikuwa wameanza kuchimba mitaro wakaweka jembe chini.

Mvua ikakuja. Kufikia Desemba ilikuwa imeua zaidi ya watu 100, ikakata barabara na kuhamisha maelfu ya familia, hasa kaskazini na Pwani. Mwisho wa Novemba serikali ilikuwa inafanya kikao maalum cha baraza la mawaziri juu ya ile kitu tulikuwa tumeambiwa haikuji.

Ni rahisi kucheka rais hapa, na mitandao ilicheka kabisa. Lakini angalia kwa nini wengi walimwamini haraka hivyo. Wakenya wanakumbuka 2015. Mwaka huo tuliambiwa El Niño kubwa inakuja, serikali ikapanga pesa, na sehemu nyingi za nchi mvua haikuwa ile ya kutisha watu walingoja. Wenye wanakumbuka ile ya 1997 na 1998, yenye ilibeba madaraja na barabara, wakauliza: sasa hii ni El Niño gani? Tangu hapo neno lenyewe likageuka kuwa mzaha, na pia harufu ya pesa kuliwa.

Kenye hakuna mtu alikaa chini akatuelezea ni kwamba mvua yetu ya vuli inaendeshwa na bahari mbili. El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki, mbali huko. Lakini Bahari ya Hindi, hii yetu ya Mombasa, iko na mchezo wake pia: upande wa Afrika ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua inasukumwa kwetu. Mwaka wa 1997 bahari zote mbili zilitupiga pamoja. Mwaka wa 2019 hakukuwa na El Niño ya maana, lakini Bahari ya Hindi ilichemka na mvua ikaua watu, pamoja na yale maporomoko ya West Pokot. Mwaka wa 2023 zikarudi zote mbili. Kwa hivyo swali la "El Niño inakuja ama haikuji?" lilikuwa swali mbaya kutoka mwanzo, na tulilijibu kama ndio ama la.

Hapo ndio kuna kitu ya asilimia. Kenya Met wakisema kuna nafasi ya asilimia 60 mvua izidi kawaida, wanamaanisha misimu 10 kama huu, 6 itazidi na 4 haitazidi. Vijana wa Ronga wanaelewa hii kitu vizuri kuliko maprofesa, ju wanabet kila wikendi. Timu iko na odds nzuri na bado inapigwa, na hakuna mtu huenda kusema kampuni ya kubet ni waongo. Anasema tu, leo imekataa. Utabiri uongelewe hivyo. Sema nafasi ni ngapi, sema pia ile nafasi ya kukosea, halafu uongeze kile odds haziwezi kukwambia: kama nimekosea, kuchimba mtaro kumekugharimu siku moja, kama niko sawa na hukuchimba, kumekugharimu nyumba.

Tabianchi ni nini, kwa mtu wa 125

Neno "tabianchi" ni zuri kuliko venye watu hulichukulia. Liko na tabia ndani yake. Konda akikuchapa fare ya juu leo ju kumenyesha, hiyo ni hali ya hewa, ni mudi ya siku. Lakini kama umepanda 125 miaka ishirini na unaona fare ya mvua inakuja mara nyingi zaidi na inapanda juu zaidi, hiyo sasa ni tabia. Huezi kubishana na tabia kwa kusema "lakini jana ilikuwa sawa."

Mwaka wa 2019 Afrobarometer walitoa utafiti wa nchi 34 za Afrika: karibu watu 6 kati ya 10 walikuwa wameskia kuhusu mabadiliko ya tabianchi, lakini ni asilimia 28 tu walikuwa wanajua yanatokana na binadamu na yanaleta madhara. Kuskia tumeskia, ni kuunganisha ndio bado.

Na kuunganisha kunataka ukweli, hata ukiwa mgumu. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution liliangalia ule ukame wa kutoka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua kukataa. Hapa Kajiado wafugaji walizika ng'ombe hadi wakachoka, na nchini kote mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. (Ndovu 205 pia walikufa mwaka wa 2022, kati ya Februari na Oktoba, na hao ndio walifika kwa habari za dunia. Ng'ombe ya mzee wa Bissil haina kamera.) Jibu lao lilikuwa kwamba joto la dunia liliongeza uwezekano wa ukame kama huo angalau mara 100, ju joto lilinyonya hata ile maji kidogo ilibaki kwa udongo.

Lakini wakiangalia mvua ya 2024, walipata tabianchi iliongeza nguvu yake kwa karibu asilimia 5, na wakakubali hata hiyo hesabu haina uhakika kamili. Zingine ni mitaro imeziba, watu wengi kusukumwa kuishi kando ya mito, na mipango mibaya ya miji. Hii tofauti ni muhimu sana na inapotea kila mara. Mwanasiasa akisema mafuriko ya Kitengela ni "tabianchi" na aishie hapo, amemsamehe lando mwenye alijenga kwa njia ya maji, na ofisi yenye ilipiga muhuri. Ukiongea na watu kuhusu tabianchi bila kusema ni kiasi gani, unawapa wakora pa kujificha.

Kitu ingine inachokesha ni lawama. Kenya inatoa sehemu ndogo sana ya hewa chafu ya dunia. Halafu mathe anayechemsha githeri na makaa anaambiwa yeye ndiye anaharibu anga. Ama tunapewa siku ya kupanda miti, kama ile likizo ya tarehe 13 Novemba 2023. Miti ni poa, sina noma nayo, lakini mtu anayekaa bedsitter orofa ya nne apande wapi? Mwambie kitu anaeza fanya leo: kujua kama ploti iko kwa njia ya maji kabla alipe deposit, kuuliza lando kuhusu gata, kujua maji ikifika kwa ngazi ya kwanza anabeba nini na anaenda wapi.

Nani ndio aongee

Ukitoka Kitengela uende ndani, Bissil, Mashuuru, huko utabiri una washindani. Wazee wa Kimaasai wamesoma mvua kwa nyota, upepo na mimea tangu zamani. Zile nyota Waswahili wanaita Kilimia wao wanaita Nkokua, na zinapangia msimu. Mtu akija na grafu ya Kizungu na aanze kwa kudharau hiyo, mkutano umeisha. Kaunti kadhaa za Kenya zimejaribu njia nzuri: utabiri wa msimu ukitoka, watu wa Kenya Met, wazee wanaotabiri, wakulima na wafugaji wanakaa chumba kimoja, kila mtu anasema anachoona, halafu wanatoka na ushauri mmoja. Sio kuuza mvua namba ngapi, ni kama, "kama una ng'ombe kumi, uza tatu sasa kabla bei ianguke sokoni."

Kenya Met wenyewe walishaonyesha wanajua hii kitu. Walisaidia kuanzisha redio ndogo za jamii za RANET: Kangema wanaongea Kikuyu, Bulala iko Budalangi kwenye mafuriko ni ya kila mwaka, na Suswa wanaongea Kimaa. Mtu anaskia mvua kwa lugha ya mamake, kutoka kwa sauti anaijua. Linganisha na ile ripoti ya ukame ya kila mwezi ya NDMA kuhusu Kajiado. Iko na data safi kabisa, inasema kama tuko kawaida, tahadhari, hatari ama dharura. Iko kwa Kiingereza, PDF, na grafu za rangi.

Kwa Ronga, sauti yenye watu wanaamini iko kwa nganya. Hizo gari ziko na skrini, spika, na konda mwenye anaongea na watu wengi kwa siku moja kuliko chifu kwa mwezi. Kati ya wimbo na wimbo, sekunde kumi: "Kenya Met wanasema usiku wa leo ni mitungi miwili kwa kila mita. Wa kando ya Mbagathi, songeni. Wa Kitengela, pigieni watu wenu simu." Hiyo haitaki bajeti ya mabilioni. Inataka mtu wa Dagoretti Corner mwenye anaeza kuandika sentensi tatu za Sheng na kuzituma kwa sacco saa kumi jioni, kabla msongamano uanze Magadi Road.

Utabiri wa mvua za vuli hutokanga mwisho wa Agosti ama mapema Septemba, na wa masika kati ya Februari na Machi. Zikitoka, tafuta ya Kajiado, chukua milimita uzigeuze mitungi, halafu utume kwa grupu ya ploti kabla mtu mwingine atume ile voice note ya "nimeambiwa na msee anafanya kazi huko juu."